Kiti cha vipande chaweza kumpunguzia fundi mzigo wa nauli

LORI la tani 10 linapoondoka Dar es Salaam kwenda Mwanza likiwa limejaa viti vya mbao, sehemu kubwa ya kilichomo ndani yake si mbao. Ni hewa iliyo kati ya miguu, chini ya vikalio na mbele ya maegemeo. Mwenye viti huilipia hewa hiyo nauli ya zaidi ya kilomita 1,100 sawasawa na anavyoilipia mbao, na mwisho wa safari gharama hiyo humwangukia mnunuzi au humega faida ya fundi.

Hilo ni tatizo la zamani kwa mafundi samani wa Keko na maeneo mengine ya jiji, ambako viti hutengenezwa na kuuzwa kando ya barabara. Kazi yao ni nzuri na bei yao jijini ni ya ushindani. Lakini kiti hichohicho kikifika mikoani kimekwishapanda bei, na hapo hukuta kiti cha plastiki kilichotangulia sokoni kwa bei ya chini.

Njia mojawapo ya kutoka katika mtego huo ni kiti cha vipande, yaani kiti kinachosafirishwa kikiwa bapa kama mbao zilizofungwa pamoja, na ambacho mnunuzi hukisimamisha mwenyewe nyumbani bila bisibisi, spana wala nyundo. Nauli inayookolewa ni kubwa na huhesabika kwa urahisi. Hata hivyo, faida hiyo hubaki mikononi mwa fundi kwa sharti moja tu, kwamba kiungo cha kiti kiwe kinajikaza pale mtu anapokaa. Kiungo kinacholegea kila kinapokaliwa hurudisha kiti kwa fundi, na nauli ya kurudisha ni hasara tupu.

HESABU YA NAFASI

Mfano ufuatao unaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Kiti cha kawaida cha mezani chenye upana wa sentimita 45, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 90 hushika nafasi ya mita za ujazo 0.2025. Lori lenye bodi ya urefu wa mita 6, upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 2.2 lina nafasi ya mita za ujazo 30.36. Viti vikipangwa kimoja kimoja, kwa hesabu ya karatasi vitaingia 150 hivi. Kama kila kiti kina uzito wa kilo 6, mzigo wote ni kilo 900. Lori lililotengenezwa kubeba tani 10 limejaa kabla ya kufikisha tani 1.

Wapakiaji wenye uzoefu huvipandanisha viti viwili viwili, kikalio juu ya kikalio, na hivyo huongeza idadi hadi 300 hivi. Kiti cha vipande chenye bahasha ya sentimita 90 kwa 50 na unene wa sentimita 8 hushika mita za ujazo 0.036 tu. Lori lilelile litabeba viti 843, na uzito wake utakuwa tani 5 na kidogo.

Ikichukuliwa nauli ya sh. 1,500,000 kuwa ya mfano tu, mgawanyo wake ni huu:

Viti vilivyoungwa, kimoja kimoja (150): sh. 10,000 kwa kiti.
Viti vilivyoungwa, viwili viwili (300): sh. 5,000 kwa kiti.
Viti vya vipande (843): sh. 1,779 kwa kiti.

Kwa hiyo hata anayepakia kwa ustadi bado hulipa karibu mara tatu ya yule anayesafirisha vipande. Ghala nalo hufuata hesabu hiyohiyo, kwa kuwa kodi ya bohari hulipwa kwa eneo. Duka dogo la mkoani lenye chumba kimoja linaweza kuweka viti viwili vya maonyesho mbele na akiba ya viti 50 nyuma ya kaunta, jambo lisilowezekana kwa viti vilivyokwisha kuungwa.

Mshindani mkubwa wa kiti cha mbao, yaani kiti cha plastiki cha kipande kimoja, alishinda kwa sababu iyo hiyo ya nafasi. Mfano wa awali unaojulikana sana ni Fauteuil 300 wa Mfaransa Henry Massonnet wa mwaka 1972, uliotolewa na mashine kiti kimoja kwa muda usiofika dakika 2. Viti hivyo hupandana, kila kimoja kikiongeza kimo cha sentimita chache tu juu ya kile cha chini. Lakini kalibu ya kuvifinyanga ni ya bei kubwa, na anayeweza kuinunua ni mwenye kiwanda. Kiti cha vipande kinahitaji kigezo cha kuchorea na mkono sahihi, na hivyo kipo ndani ya uwezo wa karakana ndogo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mafundi wengi huandika gharama ya mbao, gundi na vanishi, lakini hawaandiki gharama ya nafasi ambayo kiti kinashika tangu kinapotoka karakanani hadi kinapomfikia mteja.

BIASHARA ILIYOANZA VIENNA

Wazo la kuuza kiti kikiwa vipande si geni. Seremala Michael Thonet, aliyezaliwa Boppard, Ujerumani, mwaka 1796 na kuhamia Vienna mwaka 1842, alitoa mwaka 1859 kiti kilichopewa Namba 14. Kilikuwa cha mbao za mti wa biki zilizokunjwa kwa mvuke. Kiti kizima kilikuwa na vipande 6, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 viliingia katika sanduku la mita 1 ya ujazo. Kwa kipimo hicho, Thonet aliwashinda wapinzani wake kabla meli haijang'oa nanga. Kufikia mwaka 1930 viti takriban milioni 50 vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha uzwa.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1956, kampuni ya IKEA ya Sweden ilianza kuuza samani zikiwa bapa, baada ya miguu ya meza moja kung'olewa ili iweze kuingia ndani ya gari. Kuanzia hapo mnunuzi akawa ndiye fundi wa hatua ya mwisho, naye akalipwa kwa kupunguziwa bei.

Hata hivyo, njia hizo mbili zilibakiza kero. Kiti cha Thonet kilihitaji bisibisi, na samani za IKEA zikajulikana kwa mfuko wa skrubu na ufunguo mdogo wa chuma. Skrubu ikipotea njiani, kiti hakikaliki. Aidha, skrubu inayofunguliwa na kufungwa mara kadhaa katika mbao za unga wa kubana hutanua tundu lake na kuacha kushika. Ndiyo sababu katika miaka ya 2010 kampuni hiyo ilileta aina ya kijiti chenye mifereji kinachosukumwa ndani ya tundu kwa mkono na kushika chenyewe. Kampuni iliyokwisha uza samani duniani kote iliona bado kuna fedha katika kumwondolea mteja bisibisi.

MBUZI, KITANDA NA KITI CHA SAFARI

Fundi wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Sweden kujifunza kanuni hii, kwa sababu ameikalia tangu utotoni. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti kisichohitaji bisibisi. Vipande vyake viwili hupishana kama mkasi, kimoja kikipita katika uwazi wa kingine. Anayekuna nazi anapokikalia, uzito wake huvisukuma vipande hadi vizuiane, na mbuzi husimama imara. Akimaliza kazi, huikunja ikawa bapa na kuitundika ukutani. Marfaa ya kusomea Kurani nayo hufuata njia hiyo, tena hukatwa katika ubao mmoja.

Kipo pia kiti cha mbao mbili, kinachofahamika sana Malawi, Zambia na Kongo na kuuzwa katika masoko ya vinyago. Ubao mmoja mrefu ndio egemeo, nao una tundu karibu na chini. Ubao wa pili ndio kikalio, nao una ulimi mrefu unaopenyezwa katika tundu hilo na kutokea nyuma, ambako hugusa ardhi na kuwa mguu. Hakuna msumari wala gundi. Kadiri mtu anavyokuwa mzito, ndivyo mbao hizo mbili zinavyokabana.

Kitanda cha kamba kinafundisha njia nyingine. Mifumbati huchongwa ndimi na kuingizwa katika matundu ya matendegu, kisha kitanda huwambwa. Mvuto wa kamba ndio unaozuia ndimi zisichomoke, na anayelala huongeza mvuto huo. Kamba zikilegea, huvutwa upya bila kumwita fundi.

Kanuni hiyohiyo ya kuwamba ndiyo iliyotumiwa katika viti vya safari vya maofisa wa jeshi la Uingereza huko India mwishoni mwa karne ya 19, vilivyopewa jina la mji wa Roorkee. Miguu yake minne ilikuwa na matundu yanayokwenda yakipungua upana, vijiti vya kuunganishia vilichongwa ncha za kufanana nayo, na turubai likavishika vyote pamoja. Kwa kuwa hakukuwa na gundi, kila mguu uliweza kujigeuza kidogo na kukanyaga ardhi isiyo sawa. Mwaka 1933 mbunifu wa Denmark, Kaare Klint, alitengeneza kiti chake cha Safari kwa kufuata viti hivyo, na zaidi ya miaka 90 baadaye bado kinauzwa Ulaya kwa bei ya juu. Kiti kilichozaliwa kwa ajili ya kubebwa na mnyama au mpagazi kimekuwa samani ya sebuleni.

Kwa ujumla, basi, zipo njia kuu nne za kuunga kiti bila kifaa. Ya kwanza ni mbao zinazopishana, kama mbuzi. Ya pili ni mikato miwili inayoingiliana, ambapo ubao mmoja hukatwa nusu kutoka juu na mwingine nusu kutoka chini. Ya tatu ni ulimi unaopenya tundu na kutokea upande wa pili, kisha kufungwa kwa kabari. Ya nne ni kuwamba kwa kamba, ngozi au turubai. Kiti kizuri mara nyingi huchanganya mbili kati ya hizo.

KINAPOVUNJIKA NI KWENYE EGEMEO

Mafundi wengi wanaojaribu kiti cha vipande kwa mara ya kwanza hukipima kwa kukaa wima juu yake, na kikishika huridhika. Hilo ni kosa. Uzito unaoshuka moja kwa moja chini si adui mkubwa wa kiti. Adui ni mtu anayeegemea.

Mtu anapoegemea, mgongo wake unaweza kusukuma egemeo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20, sentimita 40 juu ya kiungo cha kikalio. Egemeo hapo hufanya kazi kama mtaimbo. Kama kiungo kina kimo cha sentimita 5 tu, kingo zake za juu na chini hulazimika kustahimili nguvu ya kilo 160, yaani mara 8 ya ile iliyotumika juu. Kiungo kikiongezwa kimo hadi sentimita 10, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 80. Mbao ni ileile na mkaaji ni yuleyule, lakini kiungo kimepunguziwa nusu ya mateso yake.

Kutokana na hesabu hiyo, kiti cha vipande hakipaswi kuiga umbo la kiti cha kawaida chenye vijiti vyembamba. Vijiti vyembamba huishi kwa gundi. Kiti kisicho na gundi kinahitaji mbavu pana, yaani mbao za pembeni zenye kimo cha kutosha chini ya kikalio, ili kiungo kipate mahali pa kushika. Egemeo nalo linafaa kushuka chini ya kikalio badala ya kuishia juu yake, kwa kuwa urefu ulio chini ndio unaoshindana na urefu ulio juu.

Pembe za ndani za kila mkato nazo zinataka uangalifu. Pembe iliyokatwa kwa msumeno ikawa kali ndiyo mahali ambapo ufa huanzia. Fundi akianza kwa kutoboa tundu la mviringo kwa keekee mwisho wa mkato, nguvu hutawanyika na ufa hauanzi kirahisi. Hali kadhalika, tundu la kabari lisikaribie mno ncha ya ulimi. Mbao iliyobaki mbele ya tundu ikiwa fupi, kabari huipasua kwa kufuata nyuzi zake.

NUSU MILIMITA

Baada ya umbo hufuata vipimo. Katika kiti cha gundi, pengo dogo hujazwa na gundi na mteja halioni. Katika kiti cha vipande pengo halina pa kujificha. Kiungo chenye urefu wa milimita 50 kikiwa na nafasi ya ziada ya nusu milimita, egemeo linaloinuka sentimita 45 juu yake litacheza kwa milimita 4.5 huku na huko. Mteja ataliona hilo mara moja, na atasema kiti ni kibovu hata kama hakiwezi kuvunjika. Kiungo kikiwa na urefu wa milimita 100, mchezo huo hupungua kwa nusu.

Ugumu ni kwamba mbao zenyewe hazitulii. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 si lazima iwe na milimita 18 kamili, na unene wake huweza kutofautiana kati ya shehena moja na nyingine. Anayekata mikato ya viti 200 kwa kigezo cha mwezi uliopita bila kupima shehena mpya anajitafutia hasara. Unene upimwe kwanza, ndipo kigezo kirekebishwe. Mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta hutoa vipande vinavyolingana sana, lakini nazo hukata zilichoambiwa. Zikipewa unene usio sahihi, zitarudia kosa hilo mara 200 kwa uaminifu.

Mbao za kupasua zina tatizo la unyevu. Mbao huvimba inapopokea unyevu na husinyaa inapokauka, hasa kwa upana wake, wakati urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ulimi uliochongwa Dar es Salaam wakati wa masika ukakaza vizuri, ukifika Dodoma wakati wa kiangazi utakuwa umelegea. Kinyume chake, uliochongwa katika ukavu ukapelekwa Tanga utakwama nusu ya njia, na mteja ataazima nyundo ambayo aliahidiwa kuwa hataihitaji.

Hapo ndipo kabari inapoonyesha thamani yake. Kwa kuwa hupungua unene kuelekea nchani, haidai tundu lenye kipimo kimoja kisichobadilika. Mbao ikisinyaa, mwenye kiti huisukuma kwa kiganja ikashuka kidogo, na kiungo hukaza tena. Kabari ni kiungo kinachokubali kwamba hali ya hewa hubadilika, na kwa nchi yenye pwani yenye jasho na nyanda kavu, hiyo ni sifa ya kibiashara.

Aina ya mbao nayo ina nafasi yake. Mbao za misindano kutoka mashamba kama Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi na za bei nafuu, zinafaa kwa vikalio na maegemeo. Lakini ni laini, na kabari ikikazwa mara nyingi huzibonyeza. Sehemu zinazosuguana, yaani ndimi na kabari, zinafaa ziwe za mbao ngumu kama mninga, mkongo au msaji. Msaji unaolimwa Longuza na Mtibwa una sifa ya kutobadilika sana kwa unyevu. Mabaki yanayobaki karakanani baada ya kutengeneza vitanda na milango hutosha kwa kabari nyingi, na hivyo gharama yake si kubwa.

MNUNUZI NDIYE FUNDI WA MWISHO

Kiti cha vipande humaliziwa na mtu ambaye fundi hatamwona. Kwa sababu hiyo, kila kosa linaloweza kufanyika litafanyika, na mbuni anatakiwa kulizuia kwenye mbao na si kwenye karatasi ya maelezo.

Kwanza, vipande viwe vichache. Kiti chenye vipande 5 au 6 husimamishwa na mtu mmoja. Kinachozidi hapo huanza kudai mkono wa tatu wa kushikilia upande mmoja wakati mwingine unaungwa.

Pili, kipande kisiweze kuingia mahali pasipo pake. Mkato wa mbele ukiwa na upana tofauti na wa nyuma, mteja hawezi kugeuza ubavu. Herufi iliyochomwa kwenye mbao husaidia, lakini tundu linalokataa ulimi usio wake husaidia zaidi, hata kwa asiyejua kusoma.

Tatu, kusiwe na kitu kidogo kinachozagaa. Kabari ifungwe kwa uzi kwenye kipande chake tangu karakanani. Skrubu iliyopotea hununuliwa duka la vifaa, lakini kabari iliyopotea haiuzwi popote.

Nne, kiti kiweze kufumuliwa na kuungwa tena mara nyingi. Wanunuzi wa bidhaa hii ni watu wanaohama. Wapo wapangaji wa vyumba vyenye milango myembamba, wanafunzi wa vyuo, wakodishaji wa viti vya sherehe na wenye kambi za watalii ambao hufunga kambi wakati wa mvua. Kwao kufumua kiti ni sehemu ya kazi ya kila mara. Wapo pia wanaonunulia ndugu zao zawadi ya kupeleka mkoani. Bahasha ya sentimita 90 kwa 50 huingia katika buti la basi au nyuma ya bajaji, na kwa mara ya kwanza kiti kinaweza kusafiri kama kifurushi.

USHURU HAUDANGANYIKI

Wapo wafanyabiashara wanaodhani kwamba kiti kikivuka mpaka kikiwa vipande kitatozwa ushuru kama mbao. Dhana hiyo si sahihi. Kanuni ya 2(a) ya kutafsiri mfumo wa HS wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, inasema bidhaa kamili iliyofumuliwa huhesabiwa kuwa bidhaa kamili. Seti ya vipande inayotosha kuunda kiti kizima huingia kifungu cha 94.01 cha viti.

Kanuni hiyo humlinda fundi wa hapa kwa upande mmoja. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka daraja la 4 la ushuru wa pamoja wa forodha la asilimia 35, na samani ni miongoni mwa bidhaa zilizomo, ingawa nchi mwanachama huweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa muda. Samani kutoka nje ya Jumuiya haziwezi kulikwepa daraja hilo kwa kufumuliwa. Kwa upande mwingine, kiti kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya na kukidhi masharti ya uasilia huvuka kwenda nchi nyingine mwanachama bila ushuru wa forodha, mradi kina cheti cha uasilia.

Hata hivyo, ushuru hauondoi tofauti ya nauli. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na samani za vipande kutoka ng'ambo hulijaza vizuri. Fundi wa Keko anayepeleka hewa Mwanza anaweza kujikuta anashindana na kiti kilichovuka bahari bila kubeba hewa.

KABLA YA KUINGIA SOKONI

Mwenye karakana anayetaka kujaribu hana haja ya kuacha kazi yake ya sasa. Kiti kimoja cha mfano kikitengenezwa, kipimwe kwa ukali. Kiwekewe gunia la mchanga la kilo 100 usiku kucha. Mtu mzito akikalie, aegemee na kujisukuma nyuma mara mia kadhaa. Kifumuliwe na kuungwa mara 50, kisha ndimi zikaguliwe kama zimeliwa. Huko Ulaya vipimo vya namna hiyo hufanywa na mashine kwa kufuata viwango kama EN 1728 na EN 12520, ambapo kikalio na egemeo husukumwa maelfu ya mara. Karakana haina mashine hiyo, lakini ina vijana na ina mchanga.

Baada ya hapo apewe mtu asiyekijua, pamoja na bahasha iliyofungwa, bila maelezo ya mdomo. Fundi anyamaze na kutazama. Mahali atakaposita mtu huyo ndipo panapotakiwa kurekebishwa.

Tatizo litakalobaki ni la imani. Mteja aliyezoea kutikisa kiti kabla ya kukinunua atatilia shaka bidhaa aliyopewa ikiwa imefungwa kwa kamba. Dawa yake ni kiti kimoja kilichosimamishwa dukani kila siku, kikaliwe na muuzaji mwenyewe, na ahadi ya kubadilishiwa kipande kilichoharibika badala ya kiti kizima. Ahadi hiyo ni nyepesi kuitimiza, kwa kuwa kipande kimoja hutumwa kwa basi kwa nauli ndogo, na kilichokatwa kwa kigezo kilekile huingia mahali pake bila kuhitaji fundi.

Mbao haitapungua bei kwa sababu kiti kimekuwa bapa, na fundi bado atahitaji randa kali na jicho zuri. Kinachobadilika ni kile kinacholipiwa njiani. Katika mfano wa lori lililotajwa, tofauti kati ya sh. 5,000 na sh. 1,779 ni sh. 3,221 kwa kila kiti. Fedha hiyo sasa inalipia hewa. Fundi atakayetengeneza kiungo cha kuaminika ataweza kuigawa kati yake na mteja wake wa Mwanza.